Ua la Nyoka la Mpakani

Jumatatu, 3 Machi

Nimempata mwanamke wa kuoa. Mwenyewe bado hajaambiwa.

Anaitwa Restuta. Mjane, ana bustani ya miche pale Nanyala, kando ya barabara kuu. Nilisimama kununua mche wa parachichi, nikaondoka bila parachichi. Anauza miche ya kila namna, lakini moyo wake uko kwenye maua ya nyoka, yale ya majani marefu magumu yanayosimama kama mapanga, yenye michirizi kama ngozi ya chatu. Mimi siku zote nilijua ni ua moja. Kumbe! Akanieleza taratibu kwamba lenye ukingo wa njano ni Laurenti, fupi lililojikunyata ni Hani, la rangi ya jivu ni Munshaini, na lile la mviringo kama mkia wa panya nimeshalisahau.

Akaniuliza kama na mimi nayapenda. Mdomo ukajibu kabla yangu. Nilisema nimeyakusanya miaka mingi. Nilisema kwetu Ileje ninayo ambayo hata wataalamu hawajayapa jina.

Akasema angefurahi sana kuyaona.

Hata mimi ningefurahi.

Jumanne, 4 Machi

Mambo yameingia doa. Doa lenyewe ni Zabron.

Zabron amefungua duka la vifaa vya ujenzi hapa Tunduma, jirani na ofisi yangu ya uwakala wa forodha. Mimi nina meza na mwavuli, yeye ana pikapu. Leo nimefika Nanyala nikamkuta anashusha vyungu kutoka kwenye pikapu hiyo, maua ya nyoka matupu, ameagiza kutoka Dar. Restuta anacheka naye kama wamejuana tangu ubatizo.

Halafu ana simu inayotambua mimea. Anapiga picha jani, simu inamtajia jina. Huo si utaalamu. Huo ni uvivu wenye chaji.

Nikapanga. Walipokwenda nyuma kwenye tangi la maji, nikabadilisha vibao vya majina kwenye vyungu vya Zabron. Hiki kibao cha kile, kile cha hiki. Lengo: Restuta arudi, aone Zabron ameuziwa takataka Dar na hajui.

Wakarudi. Restuta akasema, kwa heshima kabisa, kwamba leo tuna bahati ya kuwa na mtaalamu, basi kaka Amoni atutajie.

Nikataja. Ningetaja nini zaidi ya yaliyoandikwa? Nilisoma vibao vyote kwa sauti ya mhubiri. Zabron akauliza, bila kejeli yoyote, iweje Hani, ambalo ni fupi, limfikie mtu kiunoni. Nikasema ni baridi ya Mbozi, inarefusha.

Restuta alicheka. Sijajua ni kicheko cha aina gani. Vicheko navyo vina aina.

Alhamisi, 6 Machi

Itumba, kwa dada yangu Tusekile. Mvua na tope tangu Isongole. Nimekuja kutafuta ua lisilo na jina.

Dada alikuwa kwenye jumuiya ya akina mama, jambo jema, kwa sababu dada huuliza maswali. Nikazunguka shamba peke yangu. Mwisho wa matuta ya maharage, upande wa jirani yake Mzee Anyosisye, nikaona kichaka. Majani membamba, meusimeusi, yamesimama wima. Jua lilipochungulia kidogo, nikaona kwenye ukingo wa jani uzi mwembamba mwekundu. Moyo ukaruka.

Shaka ikanijia. Je, kama ni mkonge? Au shubiri? Shubiri ni chungu, kwa hiyo nikalamba. Si chungu. Ulimi ukaanza kuwasha papo hapo. Sijui kama hiyo ni dalili nzuri.

Nikang'oa kichaka kizima, nikakitia kwenye kiroba, nikafukia shimo. Dada aliporudi akanifungia ndizi na maharage, akaniuliza mbona nazungumza kama nina kitambaa mdomoni. Nikasema ni uchovu.

Ijumaa, 7 Machi

Siku ya ushindi!

Restuta alilitoa ua kwenye kiroba kwa mikono miwili, kama mtu anayepokea mtoto mchanga. Alilipeleka kwenye mwanga, akapitisha kidole kwenye ule uzi mwekundu, kisha akasema maisha yake yote hajawahi kuona la namna hii. Zabron alikuwepo, bila shaka. Simu yake ilisema ni mkonge. Akapiga tena, ikasema nanasi. Mara ya mwisho ikasema kitunguu. Nilimtazama kwa huruma.

Restuta akaniuliza kwetu linaitwaje. Nikasema linaitwa Restuta.

Alicheka, akaangalia chini. Kicheko hicho nakijua.

Papo hapo akaligawanya kwa kisu, kila kipande na mzizi wake, akavipanda kwenye vyungu vingi ili lizaliane. Akavipanga kivulini, kati ya vyungu vyake vingine. Nimelala kitandani nikijiona mkwe wa watu.

Jumapili, 9 Machi

Dada amepiga simu baada ya ibada. Analia.

Kumbe kile kichaka hakikuwa kichaka. Ni mpaka. Baba yetu na baba yake Mzee Anyosisye walikipanda wakiwa vijana, kila mmoja akishika jembe, wakakubaliana kwamba hapo ndipo shamba la huyu linaishia na la yule linaanza. Miaka yote hakuna aliyegusa. Sasa kimetoweka, na Mzee Anyosisye ameamka na jembe. Anasema kwa kuwa alama haipo, mpaka utakuwa pale anapoukumbuka yeye. Anapoukumbuka ni karibu na jiko la dada.

Nusu ya maharage inakwenda. Dada hana shamba jingine. Mwenyekiti wa kijiji atakaa nao Jumatano, na dada anataka nifike nisimame kama mwanamume wa ukoo. Akauliza ni mtu gani mwenye roho mbaya kiasi hicho.

Nikamwambia mwizi huyo atajulikana tu.

Sijui kwa nini nilisema vile.

Jumatatu, 10 Machi

Mpango ni mwepesi: kuchukua vipande kimyakimya, kuvirudisha Itumba, kusema nimevikuta vimetupwa mtoni. Restuta asijue kuwa zawadi yangu ni mpaka wa watu. Dada asijue kuwa mwizi ni mimi. Kila mtu abaki na heshima yake, hasa mimi.

Nimefika Nanyala. Restuta alikuwa anamhudumia dereva wa lori anayetaka miche ya migomba. Nikaingia kivulini.

Mungu wangu. Vyungu vyote vimefanana. Membamba, meusimeusi, wima. Uzi mwekundu unaonekana juani tu, na pale hakuna jua. Niliinama, nikachuchumaa, nikapapasa kingo kwa kidole. Nikaliangalia moja mpaka nikaanza kuona wekundu kila mahali, hata kwenye kiatu changu. Nikasikia sauti ya Restuta inakaribia. Nikachukua vyungu vitatu ambavyo moyo uliviafiki, nikatoka kwa uzio wa nyuma.

Barabarani jua lilikuwa linawaka. Nikavigeuza hivi na hivi. Hakuna wekundu. Kuna njano. Si njano nyingi. Nadhani ni njano inayoelekea kwenye wekundu.

Jumanne, 11 Machi

Simu yangu haionekani. Nimetafuta mifukoni, ofisini, chini ya mwavuli. Nimejaribu kukumbuka mara ya mwisho kuishika. Nilikuwa nimechuchumaa mahali.

Jioni nimefika Itumba. Dada amenipikia, amenipa maji ya kuoga, hakuuliza chochote kuhusu kiroba changu. Ananiangalia sana. Ananiuliza kama nina jambo la kumwambia. Nimesema maharage yamekolea chumvi vizuri.

Jumatano, 12 Machi

Niandike yote kabla sijaanza kuyasahau kwa faida yangu.

Alfajiri niliwahi shambani nikapanda vile vyungu vitatu mahali nilipodhani nilichimba. Mvua ilikuwa imesawazisha kila kitu, kwa hiyo nilikisia. Mwenyekiti wa kijiji alipofika na majirani, nikasimama kama mwanamume wa ukoo, nikatangaza kwamba mpaka umepatikana mtoni.

Mzee Anyosisye akachuchumaa. Amelima pembeni ya ua hilo tangu utoto wake. Akaliangalia hili langu mbele na nyuma, kisha akamwambia mwenyekiti kwamba mpaka anaoujua yeye haukuwahi kuvaa mapambo ya njano, na kwamba mpaka huu inaelekea umetoka harusini. Watu wakacheka. Mwenyekiti akaniuliza niliukuta kwenye mto gani. Nikataja mto. Akasema mto huo uko Mbozi, wilaya nyingine kabisa.

Hapo ikaingia pikapu ya Zabron. Restuta akashuka, gauni amelikunja, buti miguuni, na nyuma ya gari vyungu vya uzi mwekundu, vyote. Na simu yangu mkononi mwake.

Ikajulikana. Simu niliiacha kivulini kwake. Jumatatu ile ile dada alipiga, Restuta akapokea. Dada akamsimulia mpaka ulioibiwa, Restuta akamsimulia ua lisilo na jina. Kwa hiyo dada alijua tangu Jumatatu. Alijua ananipikia nani.

Restuta hakuniangalia. Aliwasalimia wazee kwa kupiga magoti, akaomba ruhusa, akaanza kufukua udongo kwa vidole, hatua kwa hatua kando ya matuta. Mahali fulani akasimama. Akavuta kipande cha mzizi mnene wa rangi ya machungwa, kimekatika. Akachukua ua kutoka kwenye chungu, akaunganisha mzizi na mzizi mbele ya watu wote. Vikakaa kama mkono na kiganja. Nilichokipanda mimi kilikuwa ndani kabisa ya shamba la dada. Ningemkabidhi Mzee Anyosisye matuta kadhaa kwa mikono yangu mwenyewe.

Mwenyekiti akamwuliza mzee anasemaje. Mzee Anyosisye akajibu kwamba hapo ndipo alipopakumbuka yeye tangu mwanzo. Akachukua jembe, akasaidia kupanda.

Dada alinifuata nilipokuwa najifanya kufunga kamba za viatu. Hakupaza sauti.

"Nilijua kuwa ni wewe, mdogo wangu. Nilikuwa nasubiri useme mwenyewe."

Kwa mara ya kwanza wiki hii mdomo ulinyamaza, na ndipo ulipohitajika.

Restuta naye, alipokuwa ananawa mikono, akasema kidogo tu.

"Ungeniambia, kaka Amoni. Ningeyarudisha, tena ningekuja kuyapanda mwenyewe."

Halafu dada akawakaribisha wageni chakula. Zabron alikula kuliko wote.

Alhamisi, 13 Machi

Nimerudi Tunduma kwenye pikapu ya Zabron, kwa kuwa mfukoni nilibaki na aibu tu, nauli sikuwa nayo. Restuta aliposhuka Mpemba kupanda basi la Nanyala, Zabron akaanza kuzungumza. Nimeambiwa jambo ambalo bado linazunguka kichwani kama nzi kwenye chupa.

Zabron si mpinzani wangu. Ni shemeji yake Restuta. Marehemu mume wa Restuta alikuwa kaka yake. Ana mke na watoto Vwawa. Vyungu alikuwa anampelekea kwa sababu familia inamsaidia kuikuza ile bustani. Anasema wao kama familia wangependa Restuta apate mtu wa kutulia naye, na kwamba amekuwa akiniangalia tangu Jumanne ya vibao.

Nikamwuliza mbona hakuniambia. Akasema sikumwuliza.

Kisha akasema Restuta hakukasirika kama ninavyodhani. Kilichomuuma ni uongo, si ua. Alikuwa tayari kumpenda mtu asiyejua maua. Niende Jumapili, niseme ukweli: sijui mimea, ninampenda yeye. Maneno mawili. Naye Zabron atakuwepo anisindikize.

Jumamosi, 15 Machi

Dada amepiga simu kunihimiza. Ananisamehe, anasema, ila nisikanyage shamba lake na jembe. Nimefanya mazoezi mbele ya kioo. Sijui mimea. Nakupenda wewe. Ni rahisi kabisa. Sijui kwa nini sikuanza na hayo.

Jumapili, 16 Machi

Nimekwenda. Shati jeupe, viatu vimesuguliwa. Restuta alitukaribisha kivulini, chai ya maziwa na mihogo. Alikuwa mchangamfu. Zabron akanikanyaga mguu kwa ishara. Nikakohoa. Nikasema, dada Restuta, kuna jambo.

Akasema hata yeye ana jambo, niseme mimi kwanza. Nikasema hapana, mgeni huanza kwa kusikiliza.

Akasema anataka kuweka mizinga ya nyuki nyuma ya bustani, maua yapo, asali itauzika, lakini anaogopa kuanza bila mtu anayewajua nyuki. Kama namfahamu yeyote.

Nilimwona Zabron anafumba macho.

Niliwaza maneno yangu mawili. Yalikuwa yamekaa tayari kabisa, kwenye ncha ya ulimi. Nikafungua mdomo.

Nikasema nyuki nimewafuga tangu nikiwa mtoto.

Kesho naanza. Nimeshampigia fundi wa mizinga kule Igamba. Ameniuliza kama nimewahi kuumwa. Nimemjibu kwamba nyuki wa ukanda huu wote wananiheshimu.