Daktari Aliandika Kwamba Sijambo

Mheshimiwa Jaji wa Rufaa za Fidia za Askari,

Shikamoo kama umenizidi umri, ingawa sidhani. Mimi ni Verlin Stidham wa huku milimani Kentucky, niliyekwenda Vietnam na magoti mawili nikarudi na moja na nusu. Dai langu la goti lilikataliwa, sasa liko mezani kwako. Naandika kwa mkono wangu mwenyewe. Shule niliiacha mapema, haikuwa na jipya la kunifundisha.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Daktari wenu alinisalimu, "Mzee Stidham, hujambo?" Nikajibu, "Sijambo kabisa." Akaandika! Mheshimiwa, mwanamume akisalimiwa afanyeje, alie? Huku kwetu hata anayekata roho husema hajambo. Leo salamu imekuwa ushahidi.

2. Akaniuliza kama naweza kuchuchumaa. Muuguzi wa kike alikuwa anatazama, basi nikachuchumaa. Hakuandika kwamba kuniinua waliitwa watu wa chumba cha pili, na kiti kikavunjika.

3. Sheria yenu inasema ushahidi ukilingana pande zote, askari ndiye apewe. Nikamwomba Delmer Napier, tuliyepigana naye bega kwa bega kule Vietnam, anishuhudie kwa maandishi. Akaandika kwamba siku ile niliyoumia nilimbeba mgongoni mpaka kwenye helikopta. Ni kweli, na alikuwa mnene. Lakini nyie mkasoma kwamba goti lilikuwa zima! Nikampigia simu kumgombeza. Akasema, "Wewe mzee, ulitaka niandike ulikuwa unalia?" Nikamwambia, "Thubutu!"

4. Kuni anapasua mke wangu Opal, ana miaka sabini na sita. Mimi nakaa barazani nasimamia, majirani wakipita wanaona. Fidia hii ni ya kumlipa mtu mwenye shoka, Opal apumzishe mikono kabla theluji haijaanguka. Hilo sikumwambia daktari, kwa sababu hakuuliza vizuri.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote, uamuzi wa kutoniamini. Yote niliyomwambia daktari yafutwe, na yote niliyomficha yaandikwe.

Wasalimie makarani wote, na daktari pia. Akiuliza hali yangu, asijibiwe.

Wako mtiifu, mpaka utakapoamua,
Verlin Stidham

N.B. Opal anasema niulize kama jengo lenu lina lifti, siku ya kusikilizwa rufaa. Mpuuze. Nitapanda ngazi mpaka ghorofa yoyote uliyopo, tena mbio. Daktari aje na kalamu yake.