Turubai Lililogoma

Kitengela kuna kuta nyingi zilizoandikwa kwa rangi nyekundu kwamba kiwanja hiki hakiuzwi, jihadhari na matapeli. Njogu, tapeli ambaye ni mmoja wa watu waliowatajirisha wauza rangi wa mji huo, alikuwa akiyasoma maandishi hayo kwa heshima. Ndiyo maana asubuhi moja alipoiona karavani imeegeshwa kwenye kiwanja kitupu kando ya barabara ya Namanga, aliizunguka yote akitafuta onyo. Hakuliona. Mtu ambaye hajajisumbua kuandika kwamba mali yake haiuzwi, Njogu aliwaza, anataka nini kama si iuzwe?

Ilikuwa karavani nyeupe, ile nyumba ndogo ya magurudumu ambayo wazungu huivuta nyuma ya gari wakienda kulala porini, vitanda wakiviacha nyumbani. Ubavuni mwake lilikuwa limetoka turubai la kivuli la milia ya kijani, lililoshikwa na mikono miwili ya chuma. Turubai la aina hiyo hutoka na kujikunja lenyewe kwa mota, ukibonyeza kitufe. Hili lilitoka siku moja likagoma kurudi, na karavani iliyonyoosha turubai haivutiki popote, maana itafagia bodaboda, vibanda na nguzo za stima njia nzima. Basi ikabaki hapo, na chini ya kivuli chake mama mmoja aitwaye Muthoni akawa anauza sukuma wiki na nyanya.

Njogu alinunua nyanya moja ili apate haki ya kuuliza maswali. Muthoni akamwambia mwenye karavani ni mtu wa upande wa Kajiado, na kwamba hajaonekana muda mrefu. Njogu akashukuru, akaenda zake. Mchana akarudi na kufuli jipya, koti la kung'aa kama la wajenzi wa barabara, na habari kwamba ameinunua karavani na jina lake ni Injinia. Kufikia jioni ilikuwa na bango la INAUZWA na namba yake ya simu.

Angeishia hapo, leo tungekuwa tunamsifu. Lakini kesho yake aliamka akamkuta Muthoni amepanga mboga kwenye kivuli chake, tena bila wasiwasi, na roho ikamuuma kama mwenye nyumba halali. Akamwambia kuanzia sasa atakuwa analipa kila asubuhi kabla ya kutandika gunia.

"Kulipa kivuli?" Muthoni aliuliza.

"Jua ni la Mungu, mama. Kivuli ni changu."

Muthoni akasema sawa, kwa ile sauti ambayo wanawake huitumia wakati mambo si sawa hata kidogo. Njogu alipoondoka, akatoa simu.

Hazikupita siku nyingi, akaja mnunuzi. Alikuwa mama wa makamo aitwaye Nasieku, shuka begani, shanga shingoni, viatu vya plastiki miguuni, na mkononi kibuyu cha maziwa. Njogu alipomtazama hakumwona yeye, aliona ng'ombe. Akamsalimia "Sopa", mama akaitikia "Ipa", na hapo Kimaasai chote cha Njogu kikawa kimekwisha.

Nasieku alisema amesikia gari hili linauzwa, naye analitaka kwa ajili ya harusi za Kajiado, bibi harusi avalie ndani na wazee wakae kivulini. Akaizunguka karavani polepole, akagonga bati, akainama kuangalia magurudumu jinsi mtu anavyoangalia kwato. Njogu akataja bei ambayo hata yeye ilimtia aibu kidogo. Nasieku akakubali. Mtu aliyekulia kwenye soko la mifugo akikubali bei ya kwanza, ama ni mgonjwa ama hanunui, na kila mtu Kitengela anajua hivyo. Injinia wetu alidhani ni imani.

"Basi weka kitu kidogo tu, mama, niwafukuze hawa wateja wengine."

"Sisi pesa yetu hutoka mara moja," Nasieku alisema. "Yote, mchana, watu wakiona. Lakini hiyo hema ijifunge kwanza. Nitaivuta aje ikiwa imenyoosha mkono hivyo?"

Ili asimwache mikono mitupu, alimwachia kile kibuyu. Yalikuwa maziwa ya mgando, na Njogu aliyanywa akihesabu ng'ombe.

Shida ikawa ni kwamba kutengeneza kitu kunahitaji gharama, jambo ambalo Njogu kwa miaka mingi alikuwa amewaachia watu wengine. Mkewe, Wanjira, alikuwa Matasia kwa dada yake aliyejifungua, na angerudi Jumapili. Nyumbani kulikuwa na mashine yake ya kuangulia vifaranga, ambayo ndiyo iliyokuwa ikiwalisha wote wawili. Safari iliyopita Njogu alipouza kitu cha Wanjira, Wanjira hakupiga kelele. Alimwambia tu kwamba siku akirudia, auze na nguo zake, kwa sababu hazitakuwa na mahali pa kukaa. Njogu aliikumbuka sauti ile vizuri sana, akaibeba mashine, akaiweka rehani kwa Wachira, muuza vyombo vya mitumba. Angeikomboa kabla ya Jumapili.

Mwanzo alijaribu ujanja. Alilikunja turubai kwa mikono, akalifunga kwa kamba, akampelekea Nasieku picha. Nasieku akapiga simu, kwa upole wote, kusema kwamba kamba ameiona lakini kitufe hajakiona. Basi akaitwa fundi wa milango ya maduka, ile ya kujikunja, akasema mota imeungua na mkono mmoja umepindwa na upepo. Mota mpya ikaletwa kutoka Nairobi. Mkono ukanyooshwa, turubai likashonwa, betri ikabadilishwa. Kila jioni simu ikalia: Injinia, imefika wapi? Na zile tairi je, zitafika Kajiado? Njogu akanunua tairi. Kufikia Ijumaa alikuwa akiamka alfajiri, mikono imejaa grisi, akigombana na mafundi wavivu. Waliomfahamu walidhani ameokoka.

Jumamosi Nasieku alikuja na pikapu, mwanawe Lemein akiendesha. Watu wakajaa. Njogu akabonyeza kitufe kama waziri anayefungua daraja, mota ikanguruma taratibu, turubai likajikunja mpaka likalala ubavuni kama halikuwahi kutoka. Watu wakapiga makofi, Muthoni akiwa wa kwanza. Nasieku akaomba abonyeze mwenyewe. Likatoka, likarudi. Lemein akaifunga karavani nyuma ya pikapu, na Nasieku akapanda mbele, akavuta mlango.

Njogu akasogea dirishani. "Sasa mama, ile ya mchana, watu wakiona."

"Nikulipe nini, Injinia?"

"Karavani."

"Hii ni yangu," Nasieku alisema, bila kuinua sauti. "Niliiacha hapa kwa sababu kila fundi wa hapa akiambiwa aangalie mota, anaangalia kwanza hizi shanga, halafu anataja bei. Muthoni akanipigia, kuna mtu anauza gari yako na anakodisha kivuli. Nikamwambia, mwache. Mimi nimeibiwa ng'ombe mara nyingi. Hakuna mwizi aliyewahi kunichanjia ng'ombe kwanza. Wewe umeniibia mpaka ukaniwekea tairi mpya."

Njogu, aliyewahi kuuza kiwanja kimoja kwa mabinamu watatu, akazitazama tairi alizozinunua. Angeweza kupiga kelele za mwizi, lakini watu walikuwa wengi na mwizi hakuwa mbali. Aliogopa, na safari hii hakuigiza. Akashika mlango wa pikapu, akaeleza yote kwa sauti ya chini: mashine, Wachira, Wanjira, kesho.

Nasieku akasema mashine ataikomboa yeye, wakipita hapo kwa Wachira. "Na wewe utafanya kazi kwenye harusi zangu zote mpaka deni hilo liishe. Leo tuko na moja. Unajua kubonyeza kitufe?"

Ndivyo Njogu alivyojikuta Kajiado mchana ule, shati jeupe la kuazima, amesimama kando ya turubai. Upepo ukizidi, alikunja. Ukitulia, alifungua. Wazee wakakaa kivulini, bibi harusi akatoka ndani akipigiwa vigelegele, na hakuna aliyelipa kivuli.

Jua lilipoanza kushuka, bwana mmoja mnene, mfanyabiashara wa vitunguu kutoka Loitokitok, alimvuta pembeni. Mfuko wa shati lake ulikuwa umevimba noti. Alisema ametafuta karavani kama hii mwaka mzima, haulizi karatasi, hataki hata kuona ndani, alipe sasa hivi waachane. Mtu wa namna hiyo Njogu alikuwa akimwomba kwa Mungu tangu ujana wake. Upande wa pili, Nasieku alikuwa akiwagawia wageni nyama, macho yake yakiwa kwa Njogu. Njogu akautazama mfuko ule mara ya mwisho.

"Si yangu," akasema.

Bwana yule akacheka, akampiga begani kwa kumsifu ujanja, akaongeza bei.