Kujifungulia Barazani Mbele ya Watu Arobaini

Jumatatu, 4 Machi

Wiki ya thelathini na nane ya mimba. Daktari kaniambia leo, bila kuinua macho kwenye kompyuta, kwamba kwa kuwa Wren, mwanangu wa kwanza, nilimzaa kwa kupasuliwa, na huyu nitapasuliwa. Tarehe kumi na nane, saa mbili asubuhi, nisile kitu. Nikauliza kama naweza kujaribu kusukuma. Akasema huo si utaratibu wao. Hakuniuliza ninataka nini. Na mara ya kwanza hakuna aliyeniuliza!

Nimelia garini hadi nilipofika mjini kwetu Mullumbimby. Hapo wazo likanishukia. Nitajifungulia nyumbani. Barazani. Mbele ya watu arobaini! Onyesho langu kubwa kuliko yote: sanaa na maandamano kwa mpigo mmoja. Jina: "Kovu Si Kufuli".

Lachlan, mume wangu, fundi wa pampu za maji, kauliza sanaa yenyewe ni ipi, nitaimba? Nikamweleza saa nzima. Akasema, "Sawa, mpenzi," akarudi kwenye pampu.

Jumanne, 5 Machi

Kaja Bronwyn, mkunga. Miaka thelathini kazini, mikono kama ya mkata miwa. Kakagua kovu, kasoma faili langu lote la hospitali, kakubali nizalie nyumbani. Ila kwa sharti: hospitali ni dakika kumi na nne kwa gari, amezipima mwenyewe, na akisema twende, tunakwenda, hata kama niko katikati ya wimbo wa taifa.

Kuhusu watazamaji, kasema atakayemwona na glasi ya mvinyo mkononi atamwogesha kwa maji ya beseni. Nimelichukua kama ndiyo.

Alhamisi, 7 Machi

Msiba! Odette Fairweather, yule msanii aliyelala kwenye tope la mto siku mbili akaandikwa gazetini, ametangaza onyesho. "Atajifungua" mtoto wa udongo wa mita tatu, ukumbini, Jumanne ijayo. Ana miaka sitini na mmoja! Hana hata mimba!

Lazima nimtangulie. Ili uchungu uanze, nimekula tende ishirini, mchuzi wa pilipili sahani mbili, nikapanda kilima kinyumenyume. Matokeo: kiungulia. Mtoto hakusogea.

Jumapili, 10 Machi

Mazoezi ya mwisho kabla ya onyesho. Nilijaza bwawa la mpira la kuzalia barazani, viti arobaini vya kuazima mbele yake. Maji yote ya tangi yakaingia. Bwawa likapasuka. Viti vitano vimekutwa kwenye migomba ya jirani. Lachlan kasema hii ndiyo mara ya kwanza ameelewa sanaa yangu.

Kati ya waliokuja kutazama alibaki mwanamke mmoja kunisaidia kupiga deki, Marlee, anauza asali sokoni. Kaniambia polepole kwamba amepasuliwa mara tatu, na mara ya tatu alisema hapana, wakajifanya hawakusikia. Hajawahi kumwambia mtu. Akasimama pale ameshika fagio. Nikamkumbatia, tukakaa hivyo muda mrefu.

Kisha nikampa ngoma apige siku ya onyesho. Kasema afadhali aiandikie hospitali barua. Barua! Watu wengine hawana kabisa moyo wa mapambano.

Jumanne, 12 Machi

Uchungu! Saa tatu asubuhi! Nikawaita wote. Wakaja arobaini na watatu. Ngoma, bendera, keki za nazi. Bronwyn kanipima, kasema huo si uchungu wa kweli, ni tumbo linafanya mazoezi, akaenda zake na keki mbili.

Nikasema wasubiri. Wakasubiri saa sita. Waliimba, wakachoka, wakala vyote. Odette alikuwepo, kiti cha mbele, akijipepea. Saa tisa akasimama, akanishika bega: "Shoga, mwanzo ulikuwa mzuri, ila mwisho sijauona." Akaondoka kwenda kwenye udongo wake. Wote wakamfuata.

Wote! Hata aliyeshika bendera. Hata Wren!

Alhamisi, 14 Machi

Nimezaa.

Uchungu ulinikuta chumba cha kufulia, saa nne asubuhi, nguo zikizunguka. Nikaikumbatia mashine nikashindwa kuiachia. Lachlan akampigia Bronwyn, akafika na begi lake. Hakukuwa na bwawa. Kamera niliyoiandaa sijui iko wapi.

Kisha pale kwenye kovu pakavuta, nikaingiwa na hofu kweli. Si ya jukwaani. Nikadhani nafa. Bronwyn kasikiliza moyo wa mtoto, kaweka kiganja juu ya kovu, kaniangalia usoni: "Mtoto yuko vizuri, na wewe uko vizuri. Ukitaka twende, tunakwenda sasa hivi. Unatakaje, mama?"

Mama mtu mzima nikalia kwa sababu nimeulizwa. Nikasema, nabaki.

Kilo nne na robo! Mvulana. Lachlan aliketi sakafuni juu ya taulo chafu akilia kuliko mtoto.

Mtazamaji mmoja tu: msoma mita ya umeme, dirishani. Kavua kofia, kasema hongera, kaandika namba zake, kaondoka.

Jumapili, 17 Machi

Bronwyn kaamuru nilale wiki mbili, wageni marufuku. Kasema nilifanya kitu kikubwa na kwamba ukubwa wake ni kwa sababu hakuna aliyekiona. Mzee huyu haelewi sanaa.

Habari: barua ya Marlee imetiwa sahihi na wanawake mia mbili na kumi na wawili. Hospitali imeahidi kuuangalia upya utaratibu. Wamemwalika kikaoni Jumanne. Yeye! Bila hata ngoma! Kaja kuniambia machozi yakimtoka, kauliza nimsaidie vipi kupanga maneno.

Nikamwambia asihangaike na maneno. Nimeshapanga. Katikati ya kikao tutaingia, tutapanda juu ya meza ya wakurugenzi, tutaigiza uzazi wote tangu mwanzo, kwa muda wa saa nne na nusu bila mapumziko. Mimi siruhusiwi kunyanyuka. Kwa hiyo mama atakuwa Lachlan.

Lachlan kasema hapana. Mara tatu. Nimejifanya sikusikia, nimempima kiuno akiwa amelala, nimshonee tumbo la bandia.