Sahihi kwa Wino Mwekundu

Jumatatu, Machi 3

Siku mbaya. Saa tatu asubuhi tarishi wa mahakama ameleta bahasha, nami, karani wa madai wa kampuni ya bima, nimesaini kuipokea kwa mwandiko wangu mzuri wa siku zote. Ndani: hukumu. Mteja wetu ameshindwa kesi ya gari kwa sababu kampuni haikupeleka utetezi ndani ya siku ishirini na moja. Hakimu hakusikia upande wetu. Angeusikia wapi? Upande wetu ulikuwa kwenye droo yangu, chini ya rula.

Nieleze kwa utaratibu. Mteja ni mama mmoja, mwalimu mkuu mstaafu. Aliegesha gari lake nje ya duka akaingia kununua balbu. Muuza mayai akaja na baiskeli, akaligonga kwa nyuma, akavunjika mkono na kuvunja mayai yote. Miezi miwili baadaye Mwalimu akashtakiwa kwa kuendesha kizembe. Gari lililosimama! Utetezi wa mistari mitatu ungetosha. Kilichohitajika ni fomu moja tu ya kumruhusu wakili wetu amtetee. Aliileta siku ya pili, imejazwa vizuri kuliko fomu zote zilizowahi kupita mezani kwangu. Ila sahihi aliiweka kwa wino mwekundu. Na chini ya fomu imeandikwa: wino wa buluu au mweusi tu.

Sasa, huyu ndiye aliyekuwa mwalimu mkuu wangu shule ya msingi. Nani angemwambia amekosea? Si mimi. Nilimpigia simu mara tatu. Kila alipopokea na kuuliza nani mwenzake, nilijikuta nimesimama wima, nikakata. Basi nikangoja apite ofisini kwa bahati. Hakupita.

Hakuna anayejua bado. Nimekunywa glasi nne za maji.

Jumanne, Machi 4

Mpango umepatikana. Karani wa meza ya jirani tunamwita Dakika, kwa sababu kila mteja humwambia asubiri dakika moja, kisha humaliza kwa dakika moja kweli. Simpendi. Mezani ana rundo la mafaili. Likiongezeka moja, nani atajua? Saa ya chakula nimelichomeka langu, la nne kutoka juu, nikaenda kunawa mikono. Mara mbili.

Narudi, Dakika amesimama mezani kwangu na faili mkononi, Bosi kando yake. Dakika amesema kwa upole kwamba nimelisahau kwake, na kwamba amelifuta vumbi na kuzipanga kurasa. Bosi amesema huo ndio ushirikiano anaoupenda. Nimeshukuru. Nilitamani kumng'ata.

Kisha Dakika akauliza mbona fomu ina wino mwekundu. Nikamjibu kuwa wateja ni wengi na kila mmoja na tabia yake. Akatikisa kichwa kama mtu aliyejifunza jambo. Namchukia zaidi anaponiamini.

Jumatano, Machi 5

Nimeomba ruhusa ya kwenda kwa daktari wa meno. Nimekwenda sokoni kwa muuza mayai. Mpango wa pili: nijifanye mteja, nimzoee, halafu nimshawishi aifute kesi yake, kama rafiki anavyomshauri rafiki.

Mtu mwema kupita kiasi. Sikumuuliza chochote. Nilisema tu pole kwa mkono, yeye akafungua bomba. Amesema gari lilikuwa limesimama kama nyumba. Yeye ndiye aliyegeuka nyuma kumtukana mwenye pikipiki, na aliporudisha macho mbele alikuwa tayari ameshaingia kwenye buti. Nikamuuliza, kwa sauti ya mtu asiyejali, je, hakushtaki? Akashangaa. Amshtaki nani? Kweli kuna bwana mmoja mwenye mkoba alimfuata hospitalini akamsainisha karatasi, akisema ni za kufidiwa mayai. Tangu hapo hajamwona.

Huo ulikuwa ushahidi wote! Alichohitaji ni mtu wa kumwandikia. Kalamu nilikuwa nazo mbili mfukoni. Lakini ningeandika, angeuliza mimi ni nani. Nimenunua trei nzima ya mayai nikaondoka mbio za heshima.

Dada yangu, ambaye naishi kwake, ameuliza kama daktari wa meno siku hizi anatoa mayai.

Alhamisi, Machi 6

Amekuja. Mwalimu. Mwenyewe.

Nilimsikia kabla sijamwona; viatu vile vile, hatua zile zile. Nilijikunja nyuma ya kabati la mafaili. Ofisi nzima ikanyamaza kama darasa.

"Toka huko," akasema. "Viatu vyako naviona."

Nikatoka. Akasema kwamba nilikuwa nakaa karibu na dirisha na kwamba sikuwahi kunyoosha kidole hata nilipojua jibu. Nikasema ndiyo, Mwalimu. Akaniwekea mezani ilani ya dalali wa mahakama. Siku kumi na nne, kisha gari linachukuliwa. Kampuni ikija kulipa ni baada ya miezi, na dalali hangoji kampuni. Akanieleza bila kupandisha sauti kuwa mume wake amepooza upande mmoja, na gari hilo ndilo humpeleka kliniki mara tatu kwa wiki. Teksi hazimtaki, kwa sababu kumwingiza na kumtoa huchukua muda.

Nikamwambia suala lake liko kwenye mchakato.

"Mchakato ni nani?" akauliza. "Niitie nizungumze naye."

Nikampa barua yetu rasmi ya kuwatuliza wateja. Akaisoma, akatoa kalamu nyekundu mkobani, akasahihisha makosa matano, akairudisha. Bosi akatoka ofisini kwake kuona kulikoni. Sasa anataka faili kesho saa mbili kamili.

Ijumaa, Machi 7

Kikao. Bosi, wakili wa kampuni, mimi, na faili katikati kama mgonjwa. Wakili amesema hukumu inaweza kutenguliwa kama mahakama itapewa, kwa kiapo, sababu ya kweli ya utetezi kuchelewa. Akauliza faili lilikuwa kwa nani. Nikasema tulifanye hilo swali la jioni.

Mchana wote nimeandika sababu. Panya. Bomba kupasuka. Umeme kukatika, ingawa mafaili yetu hayatumii umeme. Surua. Dakika amechungulia karatasi akaniambia kwa huruma kuwa surua ingeacha alama usoni, na kwamba yeye angekuwa mimi angesema ukweli tu. Rahisi kwake. Ukweli wake ni mfupi.

Saa kumi nikaingia na sababu ya nane, ambayo hata si uongo: mteja hakusaini fomu kwa wino ulioelekezwa. Bosi akafurahi. Akasema kumbe kosa si letu. Nikajiona mtu. Kwa muda mfupi sana.

Wakili akavua miwani. Akasema tukiapa hivyo, kosa litakuwa la Mwalimu mwenyewe, mahakama haitatengua kitu, na gari litakwenda. Akataka kujua kama ndivyo tunavyotaka. Bosi akatazama dari. Mimi nikatazama zulia. Tumeambiwa tulete jibu Jumatatu.

Jumamosi, Machi 8

Mayai asubuhi. Mayai mchana. Dada ameuliza kama nina deni la kuku.

Nimepiga pasi mashati yote. Hata ya shemeji. Hayo yalinisaidia hadi yalipokwisha.

Jumapili, Machi 9

Mpango wa mwisho na ulio bora: kumpelekea Mwalimu fomu mpya, asaini kwa buluu, aweke tarehe ya mwezi uliopita. Hapo nitasema fomu nzuri ilikuwepo siku zote ila ilijificha. Nimechukua kalamu sita za buluu, zikikauka tano ibaki moja.

Nimemkuta anaosha gari. Mume wake alikuwa ndani, kiti cha mbele, mkanda umefungwa, anasikiliza redio. Mwalimu akasema mzee hupenda kukaa humo hata wakiwa hawaendi popote. Humo anajiona mtu mwenye safari. Mzee akaninyooshea mkono wa kushoto kupitia dirishani. Nikaushika. Hakuniachia haraka.

Nikatoa fomu. Nikaeleza. Nilipofika kwenye tarehe, Mwalimu akaweka dodoki ndani ya ndoo.

"Unataka niandike uongo, nikiwa na umri huu, mbele ya mume wangu?"

Nikasema hapana, Mwalimu. Akauliza basi kisa chenyewe ni nini. Na hapo, sijui kwa nini, pengine kwa sababu mzee alikuwa bado amenishika mkono, nikasema yote. Wino. Droo. Rula. Simu.

"Kumbe ni wewe uliyekuwa unapiga na kukata," akasema. "Mimi nilidhani ni wezi wanachunguza kama tupo."

Nikaomba radhi kwa niaba ya wezi.

Akakaa kwenye ngazi ya mlango. Akasema alisaini kwa wino mwekundu kwa sababu ndiyo kalamu iliyokuwa mkobani. Ndiyo iliyokuwa mkobani miaka thelathini. Angepigiwa simu na mtu anayeongea, angekuja siku ile ile kusaini kwa rangi yoyote tunayoitaka, hata ya zambarau.

"Siku ishirini na moja," akasema. "Uliogopa kuniambia rangi."

Ndiyo, Mwalimu.

Kutoka ndani ya gari mzee akacheka. Mwalimu akageuka ghafla. Amesema hajamsikia akicheka tangu augue. Kisha akanipa dodoki, akaniambia nimalizie upande wa nyuma, pale palipobonyea.

Jumatatu, Machi 10

Nimeapa. Hati ya kiapo, aya kumi na moja, nimeziandika mwenyewe. Aya ya tatu ni wino. Aya ya saba ni kulichomeka faili kwa Dakika, ingawa wakili alisema hilo si la lazima. Aya ya tisa ni muuza mayai. Wakili alipoisoma aliinuka kitini, akauliza kwa nini sikumwambia habari hiyo tangu Jumatano. Nikasema hakuniuliza. Akavua miwani tena, akaenda sokoni mwenyewe.

Bosi haongei nami. Dakika ameniletea chai. Ameshasoma aya ya saba. Amesema amesamehe. Anaona raha gani mtu huyu?

Alhamisi, Machi 13

Mahakamani. Muuza mayai aliponiona akawatangazia watu wa benchi zima kuwa mimi ni mteja wake, trei nzima kwa mkupuo mmoja. Bwana wa mkoba hakutokea. Muuza mayai akamwambia hakimu kuwa gari lilikuwa limesimama, kwamba yeye hakumtuma mtu amshtaki mama wa watu, na kama kuna anayedaiwa ni mwenye pikipiki.

Kisha hakimu akasoma kiapo changu. Chote. Kwa sauti. Alipofika aya ya tatu karani wa mahakama aliacha kuandika, akainamisha kichwa, mabega yakicheza. Hakimu akanitazama juu ya karatasi.

"Uliogopa wino, au ulimwogopa Mwalimu?"

Nikasema vyote viwili, Mheshimiwa, ila wino kidogo. Nyuma yangu Mwalimu akakohoa. Hakimu akasema naye aliwahi kuwa na mwalimu mkuu. Ametengua hukumu. Dalali haruhusiwi kuligusa gari. Kampuni imepewa siku saba kupeleka utetezi, na zikipita, amesema, asiletewe kiapo kingine; hukumu itarudi kama ilivyokuwa.

Nje, Mwalimu ameniambia nimefanya vizuri. Maneno mawili. Nimeyangoja tangu darasa la pili. Alikuwa na haraka, ni siku ya kliniki. Nimelisindikiza gari kwa macho mpaka likakata kona.

Jumamosi, Machi 15

Mimi ni mtu mpya. Bosi mwenyewe ameliona hilo. Jana aliniita, akasema baada ya aibu ile hakuna karani katika jengo zima atakayeogopa kuchelewesha karatasi kama mimi, kwa hiyo utetezi nitaupeleka mahakamani mimi, kwa mkono wangu. Dakika alisema anapita huko saa tisa, angeweza kuubeba. Nikamwambia asante, ila kazi hii inataka mtu makini.

Wakili ameuandika vizuri ajabu. Kurasa mbili tu, kila neno mahali pake. Nimeusoma mara nne, kwa umakini. Mara ya nne nikaona kuwa namba ya gari imekosewa tarakimu moja. Gari linalotetewa humo si la Mwalimu. Sijui ni la nani.

Nilikwenda hadi mlangoni kwa wakili. Nikamsikia ndani akimwambia mtu kwenye simu kuwa kwa miaka thelathini na miwili hakuna aliyewahi kumsahihisha isipokuwa majaji wa rufaa, na hata hao walijuta. Nikarudi mezani kwa vidole vya miguu.

Lakini safari hii sifanyi makosa ya zamani. Sipigi simu na kukata. Simngojei apite kwa bahati. Ninamwandikia barua ya heshima. Rasimu ya kwanza ilikuwa kali mno. Ya pili ilikuwa ya upole hata kosa lenyewe halikutajwa. Ya tatu inakwenda vizuri. Nimefika kwenye salamu, na nimeshaijulia hali familia yake.

Zimebaki siku tano. Sina haraka.