Suruali ya Kijivu na Kilo Kumi na Mbili

Jumatatu, 3 Juni

Leo naanza. Rasmi! Kocha alinipa miezi miwili ya likizo nipunguze kilo kumi na mbili, kutoka 128 hadi 116. Mwezi wa kwanza nimeutumia kupanga. Mipango mizuri haiharakishwi.

Hali ni hii. Mimi ndiye mchezaji wa kati wa timu ya mpira wa kikapu ya chuo. Nasimama chini ya kikapu na watu hawapiti. Ndiyo maana wananiita Kabati. Lakini msimu uliopita wenzangu walikuwa wakikimbia kushambulia, mimi bado narudi kulinda. Kocha kasema kabati lisilohama ni fanicha, na yeye hafundishi fanicha. Nisipofika 116 Jumamosi tarehe 29, jezi yangu anapewa Mlingoti. Na huu ni mwaka wangu wa mwisho chuoni. Nikitolewa kwenye timu hii, sijui nitakuwa nani.

Mlingoti anakaa mitaa miwili kutoka kwetu. Anakula kama nzige na hanenepi. Simpendi.

Mizani nyumbani hatuna, wala sina haja nayo. Mizani ina chuki binafsi. Kipimo changu ni suruali ya kijivu. Leo kifungo kinafungika nikiwa nimebana pumzi. Siku itakaponing'inia kiunoni, nimefika. Nimemweleza Mama, ambaye ni fundi cherehani na nguo anazijua. Akasema suruali muhimu hivyo afadhali awe anaifua yeye mwenyewe, kwa mkono. Mama yangu ni dhahabu!

Jumanne, 4 Juni

Nimesoma mahali kwamba ukitafuna kila tonge mara arobaini unashiba upesi. Nimetafuna. Chakula cha mchana kimeanza saa saba, kimekwisha saa tisa na nusu. Taya zinaniuma kuliko miguu ilivyowahi kuniuma. Wateja wa Mama walikuja kuchukua nguo wakanikuta mezani. Wakaenda sokoni, wakarudi, wakanikuta mezani. Mmoja kamuuliza Mama kwa sauti ya chini kama nina jino bovu.

Mama hakucheka. Alinitazama tu, pini zikiwa mdomoni. Jioni kanipakulia mara mbili. Nilipoisukuma sahani, macho yake yakabadilika. Nikala. Mara moja haivunji mpango.

Alhamisi, 6 Juni

Mlingoti kapita mbele ya nyumba yetu alfajiri, anakimbia. Saa kumi na mbili! Kasimama, kamwamkia Mama shikamoo kwa heshima zote, kauliza habari za macho yake yanayochoshwa na kushona, kaendelea. Mama kamsifu hadi chai ikapoa. Ati kijana ana adabu. Adabu gani, kukimbia mbele ya nyumba za watu?

Kesho na mimi nakimbia.

Ijumaa, 7 Juni

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Tatizo liko hapo hapo, kwenye kuinama. Kufunga kamba za viatu kumenichukua dakika sita na kumenimaliza nguvu zote.

Hata hivyo nimetoka. Nimekimbia kutoka getini hadi karakana ya fundi seremala. Hatua mia tatu. Hapo moyo ukaniuliza kama tunagombana. Nyuma ya karakana kuna bomba. Nikakaa kwenye rundo la mbao nusu saa, nikalowanisha shati, kichwa na shingo, nikarudi nyumbani nikihema.

Imefanya kazi kupita kiasi! Mama kanishika paji la uso. Kanishika shingo. Kaniuliza kama hata nikilala natokwa na jasho namna hii. Nikasema ndiyo, sana, ili ajue mwili unafanya kazi usiku na mchana. Akavuta kiti akakaa. Naona kaguswa na juhudi zangu.

Jumatatu, 10 Juni

Ushindi! Suruali imerudi kutoka kufuliwa na kuanikwa, nimeivaa, kifungo kimefungika huku napumua. Wiki moja tu! Nimeingia jikoni nikajipongeza kwa mayai manne na nusu mkate. Mtu asipojipongeza mwenyewe, nani atampongeza? Mama, kumbe. Kanikaangia mayai mengine mawili.

Jumatano, 12 Juni

Njia ya mwongo ni fupi. Yangu imeishia bombani.

Nimeinama chini ya maji, nikasikia hatua za mtu. Mlingoti. Kanikuta shati limelowa mbele, nyuma kavu kabisa. Nikamweleza kwamba najipoza baada ya kilomita nane. Kamtazama fundi seremala. Fundi seremala kaanza kupiga randa kwa bidii, ubao ambao tayari ulikuwa laini.

Mlingoti hakucheka. Kasema tunaweza kukimbia pamoja, polepole, hata kutembea, yeye hana haraka. Kasema mwaka wa kwanza mimi ndiye niliyemfundisha kusimama chini ya kikapu bila kuogopa viwiko vya watu, na hajasahau. Nikamwambia nitafikiria. Nimefikiria. Anataka kunichosha kabla ya tarehe 29. Nimemgundua!

Jumapili, 16 Juni

Vidole viwili vinaingia kati ya suruali na tumbo. Viwili! Ajabu ni kwamba mashati yote yananibana. Nimelichunguza jambo hili kwa makini. Ni kifua. Misuli inakuja.

Mama anaimba akishona. Zamani alikuwa akiimba hivi, halafu Baba akafariki, nyimbo zikaisha. Ni miaka saba sasa. Nimesimama mlangoni nikamsikiliza, nikafurahi kwamba kukonda kwangu kunamfurahisha mtu mwingine pia. Kaniita nikale keki. Nimekula nikiwa nimesimama, maana kusimama kunachoma mafuta.

Jumatano, 26 Juni

Suruali imeanguka!

Nilikuwa nje nampokelea Mama robota la vitambaa kwa mikono miwili. Ikateremka yenyewe hadi magotini mbele ya wateja watatu na fundi seremala. Wateja wakafunika macho. Mimi nikapiga kelele za furaha. Nimesimama pale nusu uchi nikiwaeleza hatua kwa hatua jinsi nilivyofanikiwa, mpaka Mama akaja kunifunga kanga ya mteja.

Siku tatu zimebaki. Naweza hata kupumzika.

Jumamosi, 29 Juni, asubuhi

Nimenyoa nywele. Nimekata kucha za mikono, za miguu kakata Mama. Sikunywa maji. Suruali nimeishikilia kwa mkono. Naenda kuchukua kilicho changu.

Jumamosi, 29 Juni, jioni

133.

Mizani ya timu inaishia 120, kwa hiyo Kocha aliazima tena ile ya kupimia magunia kutoka stoo ya chuo. Nikapanda. Mtunza stoo akasoma. Nikamwambia asome tena. Akasoma tena kwa sauti zaidi. Nikasema mizani mbovu. Wakampandisha Mlingoti: 84. Wakapandisha gunia la kilo hamsini: hamsini. Nikavua viatu, saa, na soksi. 132 na nusu.

Nikamwonyesha Kocha suruali. Nikaiachia, ikaanguka, nikasema ona mwenyewe. Kocha kaiangalia suruali, kaniangalia mimi, kaikunja karatasi yake. Hakufoka. Laiti angefoka! Kasema kwa upole kwamba jezi ni ya Mlingoti, na kwamba mimi niende nyumbani nikapumzike. Neno hilo kupumzika limenichoma. Nimemchezea miaka mitatu na hajawahi kuniambia nipumzike.

Mlingoti kanibebea begi hadi getini. Kumchukia mtu huyu ni kazi ngumu sana.

Nimefika nyumbani, nimejifungia chumbani, nimeigeuza suruali nje ndani. Pande zote mbili kuna vipande vya kitambaa cha kijivu kile kile, vimeunganishwa kwa mshono mdogo mdogo, vimepigwa pasi. Si mara moja. Nimehesabu mishono minne, mmoja kando ya mwingine. Mtaa mzima huu mkono mmoja tu unashona hivyo. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga. Sikujua walikuwa wanazungumzia suruali.

Nikatoka kwa hasira, suruali mkononi. Nikauliza nimemkosea nini. Mama kasimamisha cherehani. Hakukana. Kaniambia nikae.

Kaniambia Baba alipoanza kuumwa alikuwa mtu mzito kama mimi. Suruali zikaanza kumpwaya. Akamletea yeye azipunguze, akitania kwamba anarudi ujana. Mama akapunguza. Mwezi uliofuata akapunguza tena. Mara nne. "Ya tano nilikuwa nimeiweka kwenye cherehani, mwanangu," kasema. "Sikuimaliza." Halafu mimi nikaja na suruali yangu nikamwambia siku itakaponing'inia nitafurahi. Nikawa sili, natafuna tu. Nikawa natokwa na jasho hata nikilala, kama Baba. Akawaza kwamba nikiamini nimeshakonda nitaacha kujitesa nile. Kasema mikono yake haiwezi kupunguza suruali ya mtu wa nyumba hii tena.

Baba alipokuwa anaumwa nilikuwa na miaka kumi na nne, na kila siku nilikuwa uwanjani, tangu masomo yalipoisha hadi jua lilipozama. Watu walisema napenda mpira. Ukweli ni kwamba nyumbani niliogopa kuingia. Mama ndiye aliyekuwa anaingia kila siku, peke yake. Nimemwambia hivyo leo, kwa mara ya kwanza. Tumelia wote wawili, mimi kwa sauti kubwa zaidi.

Kisha nikamweleza habari za bomba. Kwamba jasho lile lilikuwa maji. Kanikodolea macho. Ati wiki tatu nzima anasali kwa ajili ya maji ya bomba! Kanichapa kwa kipande cha kitambaa mabegani mpaka akachoka, halafu akaanza kucheka, akashindwa kuacha.

Jumapili, 30 Juni

Mama kavaa nguo zake nzuri kaenda kwa Kocha. Nikamsihi asiende. Kaenda. Nikamfuata nyuma kama mtoto aliyevunja dirisha.

Kamwambia Kocha kosa ni lake, mishono minne, na kama kuna wa kutolewa kwenye timu atolewe yeye. Kocha kavua kofia. Kasema jezi ameshampa Mlingoti na hawezi kumnyang'anya, maana kijana ameitolea jasho. La kweli, kaongeza, akinitazama. Fundi seremala ana mdomo! Lakini mwisho wa benchi kuna nafasi moja ataiacha wazi hadi tarehe 31 Julai. Nikifika 126 ni yangu, halafu ya chini ya kikapu niigombanie kama watu wengine.

Mama kamuuliza kama mtu akipungua hivyo haumwi. Kocha kamweleza taratibu, bila kumfanya mjinga, kwamba kilo moja na nusu kwa wiki, mtu akila vizuri na kutembea, ni afya, na kwamba ugonjwa una dalili zake. Mama kauliza zipi. Kamtajia moja moja. Mama kazisikiliza zote, kisha kashusha pumzi ndefu. Kaahidi hatagusa suruali tena.

Njiani kanishika mkono. Nina futi sita na inchi saba, na nimeshikwa mkono barabarani na mama yangu. Sikuutoa.

Jumatatu, 1 Julai

Yaliyopita si ndwele. Nimekaa, nimetafakari, nimejifunza. Kosa langu lilikuwa suruali. Nguo ni nguo, inaweza kuchezewa na mtu yeyote. Mtu makini anatumia namba.

Kwa hiyo kuanzia leo napimwa kiuno kwa futikamba, asubuhi na jioni. Mlingoti kapita, kasema kwenye zahanati kuna mizani na anaweza kunisindikiza tukitembea. Nimemshukuru kwa adabu. Bado anatafuta njia ya kunichosha.

Tatizo dogo: nikijizungushia futikamba mwenyewe, tumbo linaficha namba. Mama kakubali kunisaidia, tena haraka haraka. Kasema nisijisumbue kuinama. Atashika yeye, atasoma yeye, ataandika yeye.

Asubuhi: inchi hamsini na mbili. Jioni: arobaini na tisa! Inchi tatu, siku moja, na sijatoka hata getini! Nimemtumia Mlingoti ujumbe asiizoee sana ile jezi. Mama kasema kwa mwendo huu tutavuka ile kilo moja na nusu kwa wiki aliyosema Kocha, afadhali nile kidogo ili mwili usishtuke. Kanikaangia viazi. Kakaa kando yangu, mkono begani kwangu, mpaka nikamaliza vyote.