Farasi wa Wenby

Jumapili, 2 Novemba

Ushindi! Mie, Ishaq, mstaafu wa wizara, leo nimemshinda Dokta Samir.

Skuli ya mjukuu wangu Jawaher, hapa Ghubra, Muscat, ina siku ya wazee. Mzee mmoja huitwa kuwahadithia watoto alivyosoma utotoni. Kila mwaka anaitwa jirani yangu Samir, daktari wa meno, aliyesoma London na anayeitaja London kila akishika kikombe cha kahawa. Asubuhi nimemkuta langoni, dishdasha imepigwa pasi hata inakata, keshaanza kumwambia mwalimu, Ustadha Bashayer, khabari za mvua ya huko. Nikasogea. Nikasema London ni mji tu, kila mtu keshafika. Mie nimekulia kijijini. Kijiji cha Kiingereza khasa, Wenby, chenye kanisa, bata na theluji, na skuli ya chumba kimoja.

Ustadha akatoa macho. Akauliza nilikuwa nikifikaje skuli katika theluji hiyo.

Nikasema kwa farasi.

Sijui farasi katokea wapi. Alikuja mwenyewe, mie nikampanda.

Jumatatu ya wiki ijayo nnazungumza mbele ya skuli nzima. Samir kaondoka bila kuaga. Raha iliyoje!

Jumanne, 4 Novemba

Balaa. Jawaher kaitafuta Wenby mtandaoni. Kumbe watu waliosoma skuli ile wana ukurasa wao! Mtoto kaweka picha yangu ya utotoni, ile niliyovaa koti linalobururika chini. Chai yangu haijapoa, mwanamke aitwaye Pauline keshajibu. Ananikumbuka. Alikaa nyuma yangu darasani. Na kwa bahati njema (bahati ya nani?) yumo safarini na mumewe, katika meli ya watalii itakayotia nanga Matrah Jumatatu. Angependa sana kuja kunisikiliza.

Jawaher alirukaruka kwa furaha. Mie nilitafuta kiti.

Humu hasomi mtu, basi niandike kweli. Baba alikuwa akisomea kilimo. Tulikaa Wenby miaka miwili, kisha tukaja huku. Farasi hapakuwa. Tulikwenda kwa miguu, Da Sayyida, dada yangu mkubwa, mbele; mie nyuma, nnalia. Nilikuwa na miaka sita na Kiingereza sina hata cha kuombea choo. Matokeo yake sitaki kuyaandika. Wakati wa mchezo nilijificha chini ya makoti ya wenzangu yaliyotundikwa ukutani. Na chakula sasa! Soseji za nguruwe, na mpishi mwenye mikono ya mchukuzi, haruhusu mtoto kuinuka mpaka sahani iwe tupu. Da Sayyida akija kukaa nami. Akiniambia nifumbe macho, nisome bismillahi mpaka anishike bega. Nikifumbua, sahani nyeupe! Zikienda wapi sijui mpaka leo. Nilidhani malaika.

Bila shaka hayo ndiyo anayoyakumbuka Pauline. Lazima azuiwe.

Jumatano, 5 Novemba

Nimemwandikia Pauline. Nimesema Muscat mwezi huu ni jua la kuua, wageni huzimia bandarini, busara ni kubaki melini penye kivuli. Kajibu kwamba ameangalia hali ya hewa na ni nzuri mno, na kwao mvua haijakatika tangu Septemba. Kaweka na kijialama cha jua linalocheka.

Nikamwandikia tena kwamba shughuli imehamishiwa Jumanne. Jumanne meli yao itakuwa ishaondoka. Hesabu safi!

Kabla ya magharibi Jawaher kanijia, kaniambia babu usijali, nimeona umekosea siku, nimesharekebisha. Mumewe naye anakuja.

Huyu mtoto anasomeshwa sana.

Ijumaa, 7 Novemba

Da Sayyida kaja kutoka Qurum kwa chakula cha mchana. Nilikuwa sijamwambia lolote. Mke wangu Afra kamwambia, katikati ya biriani, bila hata kumeza. Da Sayyida kaweka kijiko chini. Kauliza nitawaambia nini watoto. Nikasema mambo ya kawaida tu, hali ya hewa. Jawaher akasema, na farasi!

Da Sayyida kaniangalia. Alivyoniangalia Wenby nilipopoteza glavu ya pili, ndivyo alivyoniangalia leo.

Sasa hatari ni mbili. Pauline anatoka baharini, Da Sayyida anatoka Qurum.

Nikafikiri haraka. Nikamchukua pembeni. Nikamwambia binamu yetu Sabah, wa Qurayyat, hajisikii vizuri, na anamtaja yeye tu. Aende Jumapili, alale huko, arudi Jumanne. Kasema masikini Sabah, nitakwenda.

Da Sayyida ana moyo mzuri. Nilijionea haya kidogo. Kisha nikaongeza halwa.

Jumapili, 9 Novemba

Da Sayyida kaenda Qurayyat. Kamkuta Sabah juu ya ngazi, anakata makuti. Mzima kama chuma. Da Sayyida kampakia garini, kamleta Muscat, wote wawili watakuwepo kesho. Sabah kapiga simu kuniuliza nani aliyemwombea maradhi. Kasema ataniuliza vizuri tukionana.

Basi ikabidi niumwe mie. Nikaanza kukohoa baada ya adhuhuri. Nikakohoa sebuleni, nikakohoa uani, nikakohoa karibu na sikio la Afra. Afra kaniletea kikombe cha pilipili manga, siki na kitu cheusi asichotaka kukitaja. Kasimama mpaka nimekimaliza. Machozi yakanitoka ya kweli.

Nilikuwa nishapanda kitandani Samir alipogonga. Kasikia naumwa. Kasema nisijitie tabu, yeye atazungumza badala yangu, hotuba yake iko tayari, tena mwaka huu kaongeza picha.

Nimepona.

Jumatatu, 10 Novemba

Nimerudi. Nimevua viatu. Alhamdulillahi, alhamdulillahi! Niandike yote kabla sijaanza kuyarembesha.

Ukumbi umejaa. Watoto chini kwenye mazulia, wazazi kwenye viti. Samir safu ya mbele, mkono kidevuni, kama anayengoja jino lianze kuuma. Da Sayyida na Sabah safu ya pili. Sabah kakunja mikono. Mlango wa nyuma ukafunguliwa, akaingia mwanamke mfupi wa Kiingereza, nywele nyeupe, kajifunga mtandio kwa adabu lakini kinyumenyume, na mume mwekundu nyuma yake. Pauline.

Nikazungumza, kwa Kiingereza, ndiyo lugha ya skuli. Bata, sawa. Theluji, sawa. Nilijua ningeweza kuishia hapo. Mtoto mmoja akanyanyua mkono akauliza habari za farasi. Ukumbi mzima ukanigeukia. Nikamwona Samir anatabasamu.

Ulimi wangu ukaondoka bila mie. Nikasema alikuwa mweusi, paji jeupe, nikimfunga nje ya dirisha la darasa na akisikiliza hesabu.

Da Sayyida akafungua mdomo. Nilimwona. Nikafumba macho, kama zamani.

Sauti iliyotoka haikuwa yake. Alikuwa Pauline, kasimama. Akasema kwamba farasi yule anamkumbuka vizuri sana, mnyama mpole. Jina lake nani vile?

Nikafumbua macho. Nikasema Sultana. Pauline akasema ndiyo, Sultana, na tabasamu la Samir likafa hapohapo.

Lakini Pauline hakukaa. Akasema yeye anakumbuka kitu kingine zaidi ya farasi. Anakumbuka soseji.

Nikautafuta mlango kwa macho.

Akawaeleza watoto habari za mpishi, na sahani, na mvulana mdogo anayelia kwa vile chakula hicho dini yake haikiruhusu na hajui kulisema hilo kwa Kiingereza. Akasema dada yake alikuwa akimfumbisha macho, kisha anazichukua soseji moja moja na kuzitia ndani ya soksi zake ndefu. Za mdogo wake soksi ya kulia, zake mwenyewe soksi ya kushoto. Kisha anatoka, anatembea kama askari, magoti hayakunjiki.

Watoto walicheka mpaka wengine wakalala chini. Ustadha Bashayer alijifuta macho. Mie nilikuwa nimesimama na kipaza sauti, mdomo wazi. Soksi! Miaka yote hii, soksi!

Ndipo Pauline akaacha kucheka. Akasema soseji zile zilikuwa zikiishia kwake. Kule kwenye makoti, dada yule alimkuta siku moja analamba karatasi ya mkate wa mwenzake, na tangu siku ile akampa yeye. Baba yake Pauline alikuwa hana kazi, nyumbani watoto wengi, asubuhi wanakuja skuli na maji ya moto tumboni. Akasema hakuwahi kushiba skuli hata siku moja mpaka walipokuja hawa watoto wawili. Kisha siku moja baba yao akamaliza masomo, wakaondoka, na hakupata hata kujua jina la yule dada linaandikwaje.

“Nilikuja kumtafuta yeye,” akasema. “Samahani, Ishaq.”

Da Sayyida keshasimama. Alitembea kati ya watoto, akiwavuka mmoja mmoja, na magoti yake mabovu. Wakakumbatiana wanawake wale wawili, mtandio wa Pauline ukaanguka, hakuna aliyeuokota. Hata Sabah kalia. Hata Samir alipiga makofi, ingawa polepole.

Baadaye, kwenye kahawa na tende, nilimuuliza Da Sayyida kwa nini hakuniambia siri ya soksi.

“Wewe?” akasema. “Ungeitangaza skuli nzima kabla ya kengele. Na mama angeniua. Soseji za nguruwe, mguuni kwa binti wa Kiislamu!”

Nikamwambia nilidhani ni malaika. Akanipiga kofi dogo shavuni, akageuka haraka upande wa tende.

Pauline naye alinivuta pembeni. Kaninong'oneza kwamba farasi hapakuwa. Nikasema najua. Akasema vizuri, maana yeye amewaambia watu wote wa melini, na mume wake tangu siku ya harusi, kwamba alisoma na mwana wa mfalme wa Arabuni, na mumewe ndiye yule anakuja, basi tafadhali ninyooke kidogo.

Nikanyooka. Mumewe kaniinamia. Nikamnyooshea mkono, taratibu, kama wanavyofanya wana wa wafalme.

Jumanne, 11 Novemba

Jana jioni tuliwasindikiza Matrah. Da Sayyida kampa Pauline bakuli la halwa na soksi ndefu mpya, wakacheka pamoja mpaka askari wa bandari akatusogelea. Meli ikaondoka. Nikavuta pumzi iliyonikaa tangu wiki iliyopita.

Kila mtu anaizungumzia hadithi ya soksi. Ustadha kapiga simu kusema haijapata kutokea siku nzuri kama ile. Ya farasi hakuna hata mtoto mmoja aliyeuliza tena. Afra kaniambia nizingatie hilo, kwamba iliyowapendeza watu ni ile ya kweli. Nikasema naam. Nimezingatia sana. Sitosema tena jambo ambalo halikuwa.

Alhamisi, 13 Novemba

Kahawa kwa Ghanim, wa nyumba ya pembeni. Samir naye yupo. Kaanza kusimulia wiki yake moja ya mkutano wa meno huko Japani, na jinsi kule hata chai ina heshima zake. Watu wote wamemkodolea macho. Kikombe changu kimekaa tupu, hakuna aliyeniangalia.

Nikasema wiki moja ni fupi. Mie nimekaa Japani karibu mwaka. Kwa watawa, mlimani.

Ghanim akanimiminia kahawa mwenyewe.

Ukweli, Japani niliketi uwanja wa ndege tu, nikingoja kubadilisha ndege. Nilikula tambi.

Samir kasema ajabu hiyo, maana wapangaji wake wapya ni Wajapani, mzee na mkewe, na mzee mwenyewe alikuwa mtawa. Atawaleta Alhamisi ijayo.

Sina khofu. Japani ni nchi kubwa. Watajuana wote vipi?