Ufunguzi wa Mlima Kipandoni

(Hotuba kamili ya Bwana Abrahman Silima, Afisa wa Muda wa Milima, Mabonde na Mandhari, kisiwani Unguja, mwaka 1955. Hema jeupe. Mbele viti vya kuegemea. Nyuma watu wa kitongoji cha Kipandoni wamekaa juu ya majamvi, wanaume kulia, wanawake kushoto.)

Mheshimiwa Bwana Mkubwa wa Wilaya, uliyekubali kuiacha chai yako ikipoa ili uje kutusikiliza; Mheshimiwa Mudir, ambaye hakuja lakini kiti chake kimekuja; Waheshimiwa Masheha, wa karibu na wa mbali, wa sasa na wanaotamani; Mashekhe na Maalimu wetu; Mabwana wenye mashamba ya mikarafuu; Mabwana wafanyabiashara wa Darajani na Malindi; Bwana Dereva wa Bwana Mkubwa; karani wangu Mjaka; mabibi mlioko nyuma; watoto, nyamazeni; na mimi mwenyewe, Abrahman bin Silima, Afisa wa Muda wa Milima, Mabonde na Mandhari, Mwenyekiti wa Komiti ya Mlima, Katibu wa Komiti hiyohiyo na, akidi ikipungua, wajumbe wake: assalaam aleikum.

(Makofi kutoka viti vya mbele. Mjaka anaendelea kupiga peke yake mpaka anaashiriwa aache.)

Kwa muda mrefu, na nasema kwa muda mrefu kwa sababu nimefanya uchunguzi, kisiwa chetu kimedharauliwa. Bara wana Kilimanjaro, wana Meru, wana Usambara. Hata Wangazija, watu wachache wale, wana mlima unaotema moto. Sisi tuna nini? Meli ya abiria inatia nanga, wageni wanashuka Forodhani, wanatazama mlango mmoja wa nakshi, wananusa karafuu, wananunua kofia isiyowaenea, na adhana ya adhuhuri haijalia wamesharudi melini kula. Kwa nini? Kwa sababu hatukuwa na programu ya matembezi ya kutwa, ambayo kwa Kizungu huitwa ekskashen. Na mtalii wa Kizungu, Bwana Mkubwa ni shahidi, hawezi kumaliza kutwa bila ya kupanda kitu.

Ndipo mimi, nikiwa barazani kwangu Vuga nakunywa kahawa kwa ajili ya maendeleo ya umma, nikauliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuliuliza tangu kuumbwa kwa kisiwa hiki: nani kasema Unguja hakuna mlima? Nikamtafuta aliyesema, sikumpata. Nikahitimisha, kwa mujibu wa kanuni zote za uandishi wa ripoti, kuwa mlima upo, na kilichobaki ni kuuona.

(Mzee mmoja kwenye majamvi: "Wallahi huyu kasoma!" Kicheko kidogo.)

Ahsante, mzee wangu. Sasa takwimu. Sevei ilifanywa na Mjaka, kwa kamba ya kuanikia nguo, chini ya usimamizi wangu kutoka garini. Kilima cha Kipandoni, kikipimwa ovyoovyo kama mnavyokipima nyinyi, yaani kwa macho, kina futi tisini. Lakini sayansi haiamini macho. Mlima hupimwa kutoka chini kabisa mpaka juu kabisa, na chini kabisa ya Kipandoni, mabwana na mabibi, si pale bondeni mnapofunga mbuzi. Chini kabisa ni ndani ya kisima chenu. (Minong'ono.) Kisima kina futi sitini. Na juu kabisa ni kwenye kilele cha mnazi huu wa marehemu Mzee Mcha, wenye futi sabini. Jumlisheni. Futi mia mbili na ishirini, bila ya kuhesabu madafu!

(Makofi kutoka viti vya mbele. Majamvini watu wanatazamana.)

Kwa hiyo mtafahamu sasa, na aliyekuwa akininung'unikia aombe radhi kimyakimya hapo alipo, kwa nini tangu Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi, kisima kile kimefunikwa kwa saruji. Kile si kisima tena. Kile ni kipimo. Kila ndoo iliyokuwa ikizamishwa mle ilikuwa ikiuchezea mlima wa serikali, na hakuna skimu ya divelopmenti duniani inayoweza kwenda mbele wakati mtaji wake unatekwa asubuhi na jioni.

(Bi Mashavu, mama mtu mzima wa Kipandoni, anasimama: "Abrahman mwanangu, nakujua tangu unatambaa. Sie tuteke wapi? Tunakwenda mpaka mtoni Mwera, tunarudi jua la utosi. Mwanangu Wanu kaanguka na mtungi, kavunjika mkono. Mpaka leo hawezi kumnyanyua mtoto akamnyonyesha.")

Nashukuru sana, Bi Mashavu, kwa kunikumbusha, maana nukta hiyo ilikuwamo katika hotuba yangu. Mabwana na mabibi, milima yote mikubwa ya dunia ina majeruhi wake. Watu huanguka, huvunjika, hupotea kwenye theluji. Mlima usiomwangusha mtu hakuna anayeuheshimu. Ninayo furaha kutangaza kuwa Mlima Kipandoni, hata kabla ya kufunguliwa, umeshapata ajali yake ya kwanza, na kwa niaba ya Komiti natoa pongezi kwa Bi Wanu na familia yake.

(Bi Mashavu: "Kaanguka tambarare, Bwana! Kaanguka barabarani!")

Mteremko wa mlima mkubwa huanzia mbali, Bi Mashavu. Ndio ukubwa wenyewe.

Na nikiwa bado upande wa akina mama, nimeona mmevaa sare, kanga mpya kabisa, na nilipokuwa nikipita nimelisoma jina lake: "Mpanda ngazi hushuka." Nimefarijika mno. Nilidhani hamjaielewa programu, kumbe mmeielewa kuliko wajumbe wa Komiti. Hiyo ndiyo ahadi yetu hasa kwa mtalii: atakayepanda, tutamshusha.

(Wanawake wanaziba midomo kwa ncha za kanga. Bi Mashavu hacheki.)

Sasa naieleza programu yenyewe. Mtalii atachukuliwa Forodhani asubuhi na gari la shamba, atapewa fimbo, kofia na onyo. Atafika bondeni. Hapo uchunguzi wetu ulikumbana na tatizo la kitaalamu, kwamba kutoka bondeni hadi kileleni mtu hupanda kwa muda mfupi kuliko wa kufunga kamba za viatu, na wale mbuzi hupanda kwa muda mfupi zaidi. Komiti ilikaa, yaani nilikaa, na ikaazimia kuwa kiongozi wa msafara asimpandishe mgeni moja kwa moja. Atamzungusha. Atampandisha kwa upande wa migomba, ambao utaitwa Mlima wa Kaskazini. Atamshusha, atampa ndizi. Atampandisha kwa upande wa mihogo, ambao ni Mlima wa Kusini. Atamshusha, atampa muhogo. Halafu alasiri atampandisha kwa upande huu wa barabara, na kumwambia hii ndiyo safu kuu. Kwa hiyo, mabwana na mabibi, mlikuwa hamna mlima hata mmoja, na leo nawakabidhi mitatu. Ni mudir gani, ni sheha gani aliyewahi kuwafanyia hivyo?

(Sheha Borafya wa Kipandoni anainamisha kichwa. Haijulikani kama anakubali au amesinzia.)

Na akifika kileleni, panorama! Ataona kila kitu. Ataona mikarafuu, ataona bahari pande mbili, na akipanda mnazi kidogo tu ataona mnara wa saa wa Beit el Ajaib na kujua kama amechelewa meli. Faida yake kwenu haihesabiki, ndiyo maana sikuihesabu. Vijana wenu watakuwa viongozi wa misafara. Wazee wenu watakuwa wakipigwa picha. Nyinyi kina mama mtakuwa mkitembea mkiwa na mitungi vichwani kwa mwendo wa madaha, na wageni watasema, tazama, watu wa milimani!

(Sauti ya mwanamke: "Mitungi mitupu?")

Kwenye picha haionekani.

(Bwana Mkubwa anamnong'oneza Mjaka. Mjaka anapanda jukwaani na kunong'ona kwa sauti inayofika hadi majamvini: "Bwana, anauliza mlima uko wapi. Anasema miguu imemfa ganzi, anataka aanze kupanda.")

Mwambie Bwana Mkubwa, kwa heshima zote anazostahili na nyengine za ziada, kwamba ameshapanda. Tupo kileleni. Alipanda pale gari lake lilipobadilisha gia.

(Bwana Mkubwa anatazama chini, baina ya viatu vyake. Kisha anatazama huku na huku. Kisha anamnong'oneza Mjaka tena, safari hii kwa kirefu. Mjaka: "Bwana, anauliza nani kaamrisha kisima cha watu kitiwe saruji kiangazi chote hiki. Anasema yeye hakuamrisha, na anataka jina.")

(Bwana Abrahman anafuta uso kwa leso, mbele na nyuma.)

Mabwana na mabibi. Hotuba nzuri huwa na sehemu mbili, ya mfano na ya ukweli, na ya mfano nimeshaimaliza. Ninayo heshima kubwa sasa kuingia kwenye shukurani. Nawashukuru watalii wote ambao hawakuja, kwa vile hawakualikwa. Nazishukuru meli zote, ambazo hazijapata habari zetu. Nawashukuru viongozi wa misafara, ambao hawakuajiriwa, kwa uvumilivu wao. Namshukuru sevea mkuu wa serikali, ambaye siku atakapofika atakuwa wa kwanza kufika. Na zaidi ya wote najishukuru mimi mwenyewe, kwani kama isingekuwa uimara wangu, busara yangu na macho yangu yasiyolala, mradi huu ungeweza kuwepo. Lakini haupo! Haukupata kuwepo! Hakuna skimu, hakuna Komiti, hakuna mlima, na mtu yeyote atakayesema kuwa niliufungua mradi huu ajibu swali hili: uko wapi? Nimewakingeni na mradi mzima, na sidai hata makofi.

(Mjaka anapiga makofi. Anaacha mwenyewe.)

(Bi Mashavu hakuwahi kukaa. "Hebu ngoja kwanza, mwanangu. Mradi haupo?")

Haupo, Bi Mashavu.

("Na mlima?")

Mlima ni kilima.

("Basi ile saruji ya nani?")

Swali zuri. Saruji ile, kwa vile haina mradi, haina mwenyewe; na mali isiyo na mwenyewe, kwa taratibu zetu, haiguswi mpaka iundwe komiti ya kumtafuta mwenyewe, itakayokaa kwa muda utakaohitajika, na katika muda huo kifuniko kitabaki kama kilivyo ili usiharibiwe ushahidi wa kuwa mradi haupo.

("Wanawake wenzangu, mmesikia? Kakitaja kwa ulimi wake mbele ya Bwana Mkubwa. Hakina mwenyewe, hakina wa kukigombea. Kazija! Ng'oa mtaimbo huo uliofungiwa hema. Tabia, kamata kamba. Twendeni zetu!")

Bi Mashavu! Akina mama! Sijafunga mkutano! Taratibu zinasema mkutano hufungwa na aliyeufungua, na mimi, kama nilivyotangulia kueleza, sikufungua kitu!

(Wanawake wanashuka kilima wote kwa pamoja. Pembe moja ya hema inaanguka juu ya kiti cha Mudir. Wanaume wanasimama, wanajikung'uta, wanawafuata. Bwana Mkubwa naye anasimama, anavaa kofia, anaongozwa na Sheha Borafya, ambaye kumbe hakuwa amesinzia.)

Waliobaki, nakuombeni tumalize kwa kaulimbiu. Nikisema "Kipandoni", nyinyi semeni "Juu!" Kipandoni!

(Kutoka bondeni: mtaimbo juu ya saruji. Ngo!)

Kwa sauti zaidi! Maendeleo!

(Ngo! Ngo!)

Hapo sawa. Umoja!

(Mlio mkubwa wa kupasuka, halafu vipande vinavyotumbukia majini. Vigelegele. Vigelegele virefu, vya wanawake wote wa Kipandoni, na ndani yake sauti ya mtu mmoja analia na kucheka na kumwita Wanu.)

Ahsanteni. Ahsanteni sana. Nimeguswa. Sikutegemea, lakini nilistahili. Mjaka, andika kuwa hotuba ilipokewa kwa vigelegele. Mjaka? Mjaka!

(Mjaka hayupo. Hemani hakuna mtu. Bwana Abrahman anakohoa, sauti imemkauka. Bi Mashavu anapanda kilima peke yake, taratibu, kata ya maji mkononi, maji yanamdondokea miguuni. Anamnyooshea. "Kunywa. Toka asubuhi unapayuka juani, na mama yako, Mungu amrehemu, alikuwa shoga yangu." Bwana Abrahman anaipokea kwa mikono miwili. Anakunywa.)

Matamu.

(Bi Mashavu: "Ndiyo tuliyokuwa tukikwambia." Bwana Abrahman anayatazama maji yaliyobaki ndani ya kata. Anageukia viti vitupu. Anakaza tai.)

Mheshimiwa Bwana Mkubwa wa Wilaya, popote ulipo, Waheshimiwa Masheha, mabwana na mabibi: ni fahari yangu isiyo na kifani kukutangazieni kwamba leo, kwa juhudi zangu binafsi, nimewaletea watu wa Kipandoni ma—

(Bi Mashavu anamnyang'anya kata.)